Sifa Hazipiki Chakula cha Jioni

Ukihudhuria mazishi hapa Taita Taveta, iwe Voi mjini au kule juu Wundanyi, mara nyingi utasikia mama akisifiwa kwa maneno yale yale. Alikuwa jeshi la mtu mmoja. Aliamka kabla ya jogoo, akalala baada ya watu wote. Alilima, akafundisha, akauza, akalea, akasomesha, wala hakulalamika. Waombolezaji hutikisa vichwa kwa heshima, kisha wanarudi nyumbani kumwachia mama aliye hai kazi zile zile zilizomchosha aliyezikwa.

Mama mwenye ajira au biashara hana haja ya kuambiwa kwamba anaweza. Ana haja ya kupunguziwa. Siku yake imebebeshwa kazi za watu watatu au wanne, na hakuna ratiba wala sala ya alfajiri itakayoipa siku hiyo saa thelathini. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mama akisifiwa hufanya kinyume: huongeza bidii. Ndiyo maana sifa zinatolewa kwa wingi. Hazimgharimu mtoaji, na anayelipa ni yule yule anayesifiwa.

Ushauri unaofuata ni wa kupunguza. Mwingine utamhusu mama mwenyewe, mwingine mumewe, mwajiri wake, na hata kaunti.

Saa zinakokwenda

Mwaka 2021 Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, lilichunguza jinsi Wakenya wanavyotumia muda wao. Ilibainika kwamba wanawake wa miaka 15 na zaidi hutumia asilimia 18.7 ya siku kwa kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa, na wanaume asilimia 3.6. Kwa lugha ya saa, ni kama saa nne na nusu kwa mwanamke na chini ya saa moja kwa mwanamume. Zidisha tofauti hiyo kwa siku saba: kila wiki mwanamke anatoa siku nzima zaidi, mchana na usiku wake. Hali hii si ya Kenya peke yake. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilieleza mwaka 2018 kwamba zaidi ya robo tatu ya saa za kazi hizi duniani hufanywa na wanawake.

Kaunti yetu ina nyongeza zake. Chemchemi za Mzima zimo humu humu, ndani ya Tsavo Magharibi, na tangu miaka ya 1950 maji yake husafirishwa kwa bomba hadi Mombasa. Lakini mama wa Voi bado anapanga usingizi wake kwa kufuata siku ambayo mfereji utatoa maji. Kwenye vijiji vya Sagalla na Kasigau vilivyo karibu na mbuga, mtoto hatumwi shule peke yake gizani kwa hofu ya ndovu. Lazima mtu mzima amsindikize, na si vigumu kukisia ni nani. Kuna mwalimu anayelala Voi na kufundisha Mwatate, muuguzi wa zamu ya usiku, mhudumu wa hoteli ya mbugani anayekaa kazini majuma kadhaa ndipo apate kurudi kwa wanawe, na mama anayeshuka na mboga kutoka Werugha kabla hakujapambazuka.

Wapo watakaosema nyanya zetu walifanya yote haya na hawakufa. Tuwajibu kwa adabu. Tangu enzi za mkoloni wanaume wa milimani waliteremka kutafuta mshahara Mombasa na Nairobi, na wanawake wakabaki na mashamba. Maisha yale hayakuwa mepesi. Hata hivyo nyanya alikuwa na mawifi boma la pili, na majirani waliolimiana kwa zamu. Mtoto akilia palikuwa na mgongo mwingine wa kumbeba. Mjukuu wake leo amepanga chumba Sofia au Mwakingali, mlango kwa mlango na watu waliotoka kila pembe ya nchi. Ameongezewa kazi ya mshahara, na katika zile za zamani haikuondolewa hata moja. Walioondolewa ni watu.

Andika kila kitu, na kukumbuka pia

Anza na daftari la shule. Kwa wiki moja, kila kazi ya nyumba iandikwe, na mbele yake safu mbili: nani anaifanya, na nani anaikumbuka. Safu ya pili ndiyo yenye siri. Baba anaweza kwenda kununua gesi, lakini nani aliyetikisa mtungi juzi akajua unaelekea kuisha? Nani anajua tarehe ya kliniki, kipimo cha viatu vya mtoto, siku ya mchango wa chama, dawa za presha za mama mkwe zilizobakia? Nani anayeambiwa saa tatu usiku kwamba mwalimu ameagiza katoni, gundi na picha za kuchapishwa saiba, vyote vifike kesho asubuhi?

Kazi hii ya kichwani haionekani, na hivyo haigawiwi. Ndiyo inayomfanya mama akae kitini, mikono imetulia, na bado asipumzike. Ukiiandika, mazungumzo ya nyumbani yanabadilika. Badala ya kubishana nani amechoka zaidi, mnaangalia ukurasa mmoja. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, basi mwekee mwenzio mzigo huo mbele ya macho auone uzito wake.

Daftari hilo usiliandike kwa hasira wala usilitumie kama shtaka. Ikiwezekana, liandikeni pamoja. Baba naye ana kazi zake zisizoonekana, ziingie humo.

Punguza kabla ya kugawa

Kosa linalofanyika sana ni kugawa kila kilichomo kwenye orodha. Pitia kwanza kila kazi na uulize: ikiachwa mwezi mmoja, nani ataumia? Kupiga pasi shuka, hakuna. Kusonga ugali mchana na jioni kwa sababu wageni wanaweza kutokea, hakuna. Kupika chapati kila Jumapili kwa vile jirani anapika, hakuna. Futa.

Zipo kazi zisizofutika lakini zinafupika. Loweka maharagwe usiku. Yataiva upesi na mkaa au gesi itabaki. Nunua sukuma wiki iliyokwisha katwa na mama mboga, umlipe kazi ya mikono yake. Mahamri na mbaazi za kununua asubuhi hazimfanyi mtu kuwa mvivu, zinampa dakika za kumchana mtoto nywele bila kumfokea. Kama kipato kinaruhusu, mwite mama wa kufua mara moja kwa wiki, mpatane bei ya haki, na usimwekee nguo za wiki tatu kwa malipo ya wiki moja. Sare za shule zifuliwe Ijumaa jioni, zisingoje Jumapili usiku kama zinavyofanya katika nyumba nyingi.

Pagumu zaidi ni kwenye mambo ya jamii. Matanga, harusi, kamati ya kanisa, mkutano wa wazazi: kila mahali panatafutwa mama wa kupika na kutumika. Kukataa kabisa kunavunja undugu, na siku moja nawe utafikwa. Chagua unachotoa. Ukiwa na zamu kazini, waweza kumwambia mama mkwe, “Mama, nitatuma mchango wangu leo na siku ya maziko nitafika mapema. Kukesha jikoni sitaweza, naomba uniwie radhi.” Sema mapema na usipambe kwa uongo. Anayejua utakachotoa hupanga bila wewe. Anayekungoja na kukukosa ndiye anayechukia.

Mpe kazi nzima, usimpe kipande

Akina baba wengi wa siku hizi husema, “Niambie nifanye nini, nitakusaidia.” Nia ni njema, lakini sentensi hiyo inamwacha mama kuwa meneja. Yeye atapanga, atakumbusha, atakagua, na likiharibika lake. Gawaneni kazi kuanzia kuikumbuka hadi kuimaliza.

“Baba, kuanzia mwezi huu mambo ya kliniki ni yako. Kadi iko kwenye droo, tarehe imeandikwa ndani.”

“Sawa, ila unikumbushe.”

“Hapo ndipo panaponichosha. Kukumbuka nako chukua wewe.”

Ukishampa, mwachie. Ugali ukiwa na madonge, kuleni. Mtoto akivalishwa soksi zisizofanana, aende shule hivyo hivyo. Mama anayerudia nyuma ya baba kila alichokifanya anamfundisha kwamba kazi ile kamwe si yake. Isipokuwa jambo linahusu usalama wa mtoto, uma ulimi.

Je, baba anayefanya kazi Mombasa, au yuko barabarani na lori? Umbali unamzuia kumwogesha mtoto. Haumzuii kumpigia mwalimu simu, kulipa karo, kuagiza gesi na maji ya mkokoteni kwa M-Pesa, kufuatilia miadi ya hospitali, wala kusikiliza mtoto akisoma kwa dakika kumi kila jioni. Mpe vitu hivyo viwe vyake kabisa.

Watoto nao wana sehemu yao, wavulana sawasawa na wasichana. Mtoto wa miaka saba anaweza kukunja nguo zake. Wa kumi na mbili anaweza kupika wali. Tujihadhari tusiuondoe mzigo kwa mama tukamtwika mwanamke mwingine asiye na sauti, yaani binti mkubwa anayekosa muda wa kusoma, au nyanya mwenye magoti mabovu anayeachiwa wajukuu watatu kuanzia Jumatatu.

Msaidizi wa nyumbani ni wa kufikiriwa hapa pia. Mara nyingi ni mama aliyeacha wanawe kwao ili alee wako. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamhusu kama inavyokuhusu wewe ofisini: siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi yenye malipo. Andikianeni mkataba hata kama ni wa ukurasa mmoja. Huwezi kudai haki kwa mwajiri wako asubuhi na kumnyima mwenzio jioni.

Ukiwa peke yako

Akina mama wengi hawana baba wa kumgawia lolote nyumbani. Kwanza, kutokuwepo nyumbani hakumwondolei baba wajibu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inasema malezi na ulinzi wa mtoto ni jukumu sawa la baba na mama, wawe wameoana au hawakuoana, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imelieleza jukumu hilo kwa kina. Afisa wa watoto wa eneo lako anaweza kuwaita wazazi mkapatana matunzo kwa maandishi. Mkishindwa, mahakama iko.

Pili, tumieni mbinu mnayoijua tayari. Karibu kila mama ana chama cha kuzungusha pesa. Zungusheni na muda. Akina mama watatu wa ploti moja, wenye watoto wa shule moja, hawana sababu ya kusindikiza mara tatu kila asubuhi. Mmoja awapeleke Jumatatu na Jumanne, wa pili Jumatano na Alhamisi, wa tatu Ijumaa pamoja na kuwaangalia Jumamosi mchana. Wekeni masharti kama ya chama cha pesa: zamu zimeandikwa, anayeshindwa anatoa taarifa usiku uliotangulia, na anayekosa anafidia. Majirani wengi husaidiana kwa huruma, na huruma huisha. Zamu iliyoandikwa haimfanyi mtu ajihisi ombaomba.

Kazini, jua kilicho chako

Sheria ya Ajira inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na baba wiki mbili. Likizo ya uzazi hailiwi kutoka kwenye likizo ya mwaka. Ikiisha, mama ana haki ya kurudi kwenye kazi aliyoiacha, au nyingine inayomfaa kwa masharti yasiyo duni kuliko ya kwanza. Toa taarifa kwa maandishi, walau siku saba kabla, na ubaki na nakala. Baba naye azichukue wiki zake mbili, na azitumie kufua, kupika na kuamka usiku. Kupokea pongezi za wageni si kazi ya wiki mbili.

Ukirudi ukiwa unanyonyesha, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa, na akupe mapumziko ya kufanya hivyo mbali na yale ya chakula, yanayoweza kufika jumla ya saa moja katika zamu ya saa nane. Wataalamu wa afya wanashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza, na likizo ni miezi mitatu. Pengo hilo linazibwa kwa kukamua. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama kama saa nne hivi kwenye joto lisilozidi nyuzi 25. Mchana wa Voi huvuka hapo kwa urahisi, kwa hiyo yaweke kwenye friji, au kwenye kikasha chenye barafu hadi ufike nyumbani. Ndani ya friji yanafaa hadi siku nne.

Kibarua asidhani sheria imemsahau. Ukifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, Sheria ya Ajira inakutambua kama mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi, na haki zinafuata. Weka kumbukumbu za siku ulizofanya kazi. Kukiwa na mvutano, anzia kwa afisa wa leba.

Kwa bosi, usiende na malalamiko matupu, nenda na pendekezo: zamu ipi unaweza kuibadilisha na nani, kazi ipi utaimaliza saa ngapi. Lakini usijilaumu mambo yakikataa. Claudia Goldin, mwanauchumi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2023, ameonyesha kwamba pengo la mapato kati ya wanawake na wanaume hupanuka sana mtoto wa kwanza anapozaliwa, kwa kuwa kazi nyingi humzawadia anayeweza kukaa muda mrefu na kuitika wakati wowote. Tatizo liko kwenye mpango wa kazi, na bidii ya mama haitoshi kuutengeneza.

Kazi ya nyumbani ni mali

Wapo wanaomwambia mke asiye na mshahara, au mwenye mshahara mdogo, kwamba nyumba si yake kwa sababu hakuijenga. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema vingine. Mchango katika mali ya ndoa si pesa peke yake. Ni pamoja na kazi za nyumbani, kulea watoto, kusimamia biashara ya familia na kulima shamba. Mahakama ya Juu iliongeza tahadhari Januari 2023: kugawana nusu kwa nusu hakuji kwa sababu tu mlioana, kila mmoja hupata kwa kadiri ya mchango alioonyesha. Kwa hiyo tunza risiti za mabati na karo, ujumbe wa M-Pesa, na lile daftari. Si kwa kutarajia ugomvi. Ni kwa sababu jasho lisiloandikwa husahaulika hata katika nyumba yenye amani.

Mwili ukikataa

Uchovu wa kawaida hupungua ukilala. Ukilala na bado unaamka umevunjika, ukilia bila sababu, ukipoteza hamu ya mtoto au ya kuishi, hilo si suala la kujikaza. Baada ya kujifungua, huzuni ya siku chache huwapata wengi. Ikipita wiki mbili, nenda ukaonane na muuguzi au daktari na useme wazi. Ukipata fikra za kujidhuru au za kumdhuru mtoto, usingoje hata siku moja. Ni ugonjwa unaotibika.

Mengine yadai hadharani

Mume mwema na majirani wazuri hawawezi kuleta maji mtaani wala kujenga mahali pa kuacha watoto karibu na soko. Katiba, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti huduma za maji, masoko, elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Basi mama wa soko la Voi anayelaza mwanawe chini ya meza ya nyanya na vitunguu ana ofisi ya kuiuliza.

Kila mwaka makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye bunge la kaunti ifikapo tarehe 30 Aprili, na wananchi lazima washirikishwe kabla hayajapitishwa. Mikutano hiyo huitishwa mashinani, mara nyingi siku ya kazi, na wanaofika zaidi ni wenye nafasi. Chama chenu kitume wajumbe wawili kwa zamu, na wengine wawaangalizie watoto na meza za biashara. Waende na ombi moja lililoandikwa, si kumi: kioski cha maji mtaa fulani, au chumba cha watoto sokoni, kikiwa na mlezi anayelipwa. Waombe liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, na mwakilishi wadi aulizwe hilo hilo mwaka unaofuata.

Nyumbani, anza na kazi moja. Jumapili hii chagua kutoka daftarini ile inayokusumbua zaidi kichwani, mkabidhi mwingine nzima nzima, na uwe tayari kwa wiki tatu au nne za mambo kwenda kombo. Chakula kitachelewa, kadi itasahaulika, na mtu atasema zamani uliweza. Mwambie kweli, uliweza, na sasa ni zamu ya wengine kujifunza.